Nyaya za Duara la Baba

Ujana wake wote baba aliumalizia kwenye milingoti ya redio, kule tambarare chini ya Meru. Ilisimama kwa duara kubwa lililozungushiwa nyaya. Katikati palikuwa na kibanda, na humo baba alikaa na visikilizio masikioni. Mawimbi yalifika mlingoti mmoja kabla ya mwingine, na kwa tofauti hiyo alijua mtu anayarusha kutoka upande gani. Akija nyumbani alituamuru tunyamaze, masikio yake yamechoka. Sijamsamehe.

Kisha zikaja setilaiti, na mitambo midogo ya kubebwa na gari. Kituo kikafungwa, baba akaambiwa asubiri kuitwa. Alisubiri mpaka macho yakafa, akawa haoni kabisa. Duara kubwa namna ile, alisema, serikali haiwezi kulitupa.

Lilikuwa limeshatupwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu waliikata milingoti, nasi majirani tukashuka kugombania nyaya. Mwaka ule kahawa ilizaa sana, na vichanja vyetu vya kuanikia vilikuwa vimeoza. Nilipandisha mizigo mitatu ya waya, nikasuka vichanja vipya, imara kweli. Baba hakuambiwa. Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, watu waliacha kushindania ndizi wakamsalimia: "Shikamoo, mzee. Hawajakuita tu? Subira yavuta heri." Walicheka, nami nilicheka nao.

Msimu huu alitaka kunisaidia kugeuza kahawa. Nilimshika mkono nikampeleka kichanjani, kwa sababu nilikuwa na haraka. Vidole vyake vilipita kwenye punje, vikagusa waya, vikaufuata hadi mahali ulipoungwa. Zamani, upepo ulipokata waya, aliuunga mwenyewe, na hakumwachia mtu kazi hiyo.

"Hili fundo nimefunga mimi," alisema.

Ningeweza kumdanganya, nilishazoea. Lakini nilitaka aumie.

"Ndiyo, baba. Hakuna mlingoti hata mmoja uliobaki. Kanisa zima linajua, ila wewe tu."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Nilisikia raha, nasema kweli, na raha ile inanitia aibu mpaka leo. Baba alikung'uta maganda ya kahawa mikononi, akageuka, akapiga hatua mbili kuelekea migombani, akasimama.

"Nyumba iko upande gani?" aliuliza.

Nilimwonyesha kwa kidole.