Sailensa Iliyoshikizwa

Nilisikia naitwa na sikuweza kuitika. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa karibu na sikio langu, "Dada, dada," na jibu lilikuwa tayari mdomoni, naam, neno ambalo hata mtoto mchanga wa kwetu hujifunza mapema, lakini ulimi ulikuwa mzito kama kitambaa kilicholowa. Nilikuwa nimelazwa ubavu juu ya majani kando ya barabara, ukishaipita Chwaka unaelekea Dunga, na mvua inanipiga usoni. Niliona miguu ya shemeji yangu, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa amechutama nyuma ya gari, anatazama bomba la moshi.

Nikapoteza fahamu tena.

Wamenambia mara nyingi kwamba hilo silikumbuki, nimelitunga. Mtu aliyevuta moshi, wanasema, huona mengi. Mimi najua nilichokiona. Shemeji yake, yaani mimi, kalala chini, mate yanamtoka, mke wake analia, na yeye macho yako kwenye bomba. Nani alimwambia kwamba ubaya uko pale? Daktari mwenyewe hakulijua hilo mpaka siku ya pili.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na hesabu zangu zote nilizijulia kwenye futi ya kupimia nguo. Chumba changu kiko Mji Mkongwe, chumba cha chini, mlango unafunguka kwenye uchochoro ambao hata pikipiki lazima iombe njia. Nilikuwa nashona mapazia ya hoteli. Yalipokuwa tayari mimi na msichana niliyekuwa namfundisha tulikuwa tunayabeba kichwani mpaka Darajani, na pale shemeji, mume wa mdogo wangu, ananingoja na gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa limechakaa. Sailensa yake ya asili, lile boksi la chini linalopunguza kelele, ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikadondoka njiani. Likawa linanguruma kama mashine ya kusaga mtama. Hoteli moja ya Uroa, ambayo ndiyo ilikuwa ikinipa kazi nyingi, meneja wake akatoka mpaka getini, akasema wageni wake hulala mchana, na gari hilo likija tena na mngurumo ule litaishia barabarani, mapazia yaingie kwa miguu. Alisema hivyo akitabasamu. Watu wa aina yake hutabasamu wakati wa kukukata riziki. Na yeye nnamtia humu, kwa sababu aliyetaka kimya ni yeye, na hakuuliza hata mara moja kimya kile kimepatikana vipi.

Shemeji angetafuta boksi jingine, yangekwisha. Hakutafuta. Alikwenda kwa fundi wake wa Kikwajuni, na huyo akampa akili ya mkato: kipande cha bomba chenye matundu, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, kinaingizwa ndani ya bomba la moshi kwa nyuma, kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa kanzu. Sailensa ya ndani, aliiita hivyo. Kelele inapungua. Ila masizi hujaa kwenye yale matundu, kwa hivyo kila baada ya muda lazima itolewe, isafishwe, irudishwe.

Nilikuwepo siku ile, nimekwenda kumfuata shemeji kwa ajili ya safari. Nilimuuliza fundi kwa mdomo wangu: na kutoka, inatoka? Akajifuta mikono, akanijibu:

"Inatoka, Bi Mkubwa. Nimeishikiza tu."

Neno hilo ndilo lililonitia mimi ndani ya gari. Kwetu sisi wa cherehani, kushikiza ni kupitisha uzi mrefu mrefu, mshono wa muda, ili kitambaa kisihame wakati unapokipima. Ukishapima unavuta uzi kwa vidole viwili, unatoka wote. Hakuna kitu chepesi kutoka kama kilichoshikizwa. Nikamuamini. Nilimuona ni fundi mwenzangu.

Tukawa tunakwenda Uroa na kurudi kimya kimya. Mdogo wangu anakaa mbele na mumewe, mimi nyuma na mapazia. Baada ya safari kadhaa nikaanza kushuka na kichwa kinaniuma, moyo umechafuka. Nikisema, mdogo wangu anasema jua. Nikisema tena, anasema dada unafunga sana Jumatatu na Alhamisi, huli. Mara ya tatu akaja na kauli mpya: huenda nina mtu kanitupia jicho, kazi zangu zimekuwa nyingi na majirani wanaona. Nyumbani kwetu kichwa kikiuma bila homa, jambo hilo husemwa haraka. Akaja na chetezo, akanifukiza ubani, kisha akalifukiza na gari, kiti cha nyuma, pale pale ninapokaa, vioo vimefungwa ili moshi wa ubani ukae. Gari likawa linanukia udi na ubani wiki nzima. Sasa najiuliza: baada ya hapo nani angeisikia harufu nyingine? Simshutumu kwa kufukiza. Namshutumu kwa kuwa kila nilipouliza juu ya gari alinijibu juu ya majirani.

Siku yenyewe tulipeleka mapazia meupe na tukarudi na yaliyochakaa, nikayashone upya. Chwaka ikatupokea kwa mvua. Upande wa mbele kioo cha shemeji kiliachwa wazi kidogo, maana anavuta sigara. Nyuma kulikuwa wazi vile vile. Shemeji akageuza shingo akasema, "Funga vioo, shemeji, mapazia ya watu yatalowa." Nikafunga. Nakumbuka nikipangusa kioo kwa ncha ya mtandio nione nje, na nje hakuna kitu. Kisha naitwa.

Hospitali, daktari aliuliza kama kwetu tunapikia makaa chumbani. Kabla sijafungua mdomo mdogo wangu akamwambia kwamba mimi nina mambo yangu ya kichwani tangu utotoni. Mambo gani? Tangu utoto upi? Siku ya pili nilipoweza kusema sentensi nzima nilimwambia daktari mwenyewe kuhusu gari, nyuma, vioo, mvua. Akasema kwa upole kwamba nimevuta moshi wa injini, ule usioonekana, na kwamba aliyenileta angekawia kidogo tu nisingekuwa hai kuzungumza naye. Mikono, akasema, huenda ikarudi kama zamani na huenda isirudi.

Haikurudi. Inatetemeka. Tundu la sindano naliona vizuri, na uzi nauona, na kuvikutanisha siwezi. Msichana niliyemfundisha mimi ndiye anayepiga cherehani sasa. Mimi nimebakiwa na kushikiza, kwa sindano kubwa ya magunia, mshono wa muda ambao mwenzangu ataufumua.

Nilipotoka hospitali shemeji alikuja kuniangalia. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Akasema gari amelipeleka Fumba kwa kaka yake, limewekwa uani, hajaligusa tangu siku ile. "Wallahi sijaligusa, shemeji. Hata kulitazama siwezi." Mdogo wangu akatikisa kichwa kwa huruma, akamhurumia yeye. Kauli ile aliirudia kwa kila mgeni aliyekuja kunijulia hali. Hajaligusa. Nikaanza kujiuliza kwa nini mtu anaapa juu ya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kisha mdogo wangu akateleza ulimi. Tulikuwa tunazungumza kwa simu mambo ya harusi ya binamu yetu, akasema asubuhi hawezi kuja kwa sababu gari linakwenda kwa fundi kutolewa kile kitu. Akaelewa kwamba nimesikia, akaanza kusema kwamba si lazima mimi nijisumbue, pale ni pachafu, kuna moshi, daktari alinikataza. Nikamwambia sawa.

Asubuhi nikatoka kwangu, nikapita Michenzani taratibu huku najishikilia ukutani, nikaingia Kikwajuni. Nilimkuta shemeji na fundi wake wameshalinyanyua gari nyuma kwa jeki. Walipoona buibui langu fundi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nimekuja kuangalia unavyovuta uzi."

Hakuelewa. Nikakaa juu ya tairi la lori. Shemeji akasema nitachafua nguo, nikamwambia nguo zangu nafua mwenyewe, ingawa hilo nalo siku hizi si kweli.

Wakaanza. Walimimina mafuta ya taa mdomoni mwa bomba, wakangoja, wakagonga kwa nyundo kuzunguka. Fundi akaikamata ncha ya ile sailensa kwa plaizi kubwa, akaegemeza mguu kwenye bampa, akavuta mpaka shingo ikamvimba. Haikutikisika. Wakalipasha moto bomba la nje ili litanuke, wakavuta tena. Wakalishusha gari kwenye jeki, wakafunga mnyororo, upande mmoja kwenye ncha ya sailensa, upande wa pili kwenye kisiki cha mnazi, shemeji akaingia garini akalisogeza mbele. Kilichotoka ni bampa, lililokwama kwenye mnyororo. Fundi wa rangi aliyekuwa jirani, mpakani mwa uwanja, akauliza kama wanang'oa sailensa au wanalifundisha gari kuruka kamba. Wakacheka wote. Hata mimi nusura nicheke.

"Umesema umeishikiza," nikamwambia fundi.

"Nimeishikiza, ndiyo."

"Mbona haitoki?"

Akalala chini, akawasha taa ya simu, akaangalia kwa muda. Aliposema, sauti ilitoka chini ya gari, imepungua. Alisema ameshikiza kwa moto. Vidoa vitatu vya kuchomelea, ndani, mahali usipopaona ukisimama. Kwao kushikiza ni hivyo: unatia vidoa vidogo kwanza ili kitu kisihame, kisha ndio unachomelea pote.

"Na ukishashikiza kwa moto, inatokaje?"

"Haitoki, Bi. Inakatwa."

Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Akasema yeye alinijibu nilichouliza. Hapo nilimtazama vizuri. Mtu anaweza kukosea neno. Lakini mimi niliuliza *inatoka*, na yeye akasema *inatoka*, na hilo halina maana mbili, si kwa cherehani wala kwa chuma. Alichoogopa ni nini? Kwamba itaanguka njiani na shemeji atarudi kumlaumu? Basi akaifunga, akatupa maneno matamu juu yake.

Wakaikata kwa grenda. Cheche zikaruka mpaka miguuni kwangu, sikusogea. Kipande kilipotoka kilikuwa cheusi chote. Matundu yake yamejaa masizi, hata sindano yangu ya magunia isingepita. Fundi akanionyesha, bila kuombwa, na kwa hilo nampa sifa yake: moshi ulipokosa njia ya nyuma ulifumua kiungo chini ya kiti changu, ukaingia kwenye tundu la kutu lililofunikwa na zulia. Zulia limeungua duara jeusi. Nilikuwa nakanyagia hapo.

Kisha nikaomba nikishike kile kipande. Mikono yangu ilitetemeka nikakishika hivyo hivyo. Mdomoni, pale plaizi ilipokamatia, palikuwa na alama za meno. Nyingine zinang'aa, chuma kipya. Nyingine, chini yake, zimeshaota kutu, rangi ya chai.

"Hizi ni zako?" nikamuuliza fundi.

"Zangu ni hizi zinazong'aa."

"Na hizi?"

Akamtazama shemeji. Shemeji alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Fundi akageuza maneno: ah, chuma chetu cha kisiwani, na chumvi hii, ukikikwaruza leo kesho kimeshashika kutu, huwezi kujua. Ni kweli. Kutu ya hapa haishuhudii mtu yeyote. Cherehani yangu inapiga kutu usiku mmoja ikiachwa dirishani. Lakini mtu aliapa, mbele yangu na mbele ya wageni wangu wote, kwamba tangu siku ile hajaligusa gari.

Nilirudi nyumbani, na kile kipande wakanikatalia; shemeji alikitia kwenye kiroba cha chuma chakavu mbele ya macho yangu. Jioni mdogo wangu alipiga simu. Alisema nimemdhalilisha mumewe kwa fundi, kwamba ndugu hawaulizani hivyo, kwamba kwani nitapata nini. Alisema inawezekana mumewe alijaribu kuitoa baada ya mimi kuugua, kwa uchungu, na akasahau. Nikamuuliza: amesema yeye, au umesema wewe? Akakata simu.

Kwa hivyo nasema hapa, ambapo simu haikatwi. Fundi ataulizwa kwa neno lake, na meneja kwa kimya chake, lakini wao hawakulala nyumba moja na damu yangu. Namtaka shemeji. Aje chumbani kwangu, mchana, mke wake awepo, akae kwenye kiti wanachokaa wateja. Sitaki aseme pole, pole ameshasema nyingi. Nataka anijibu moja: plaizi ile uliishika lini? Kama ni baada, ulituapia nini kwa jina la Mungu? Na kama ni kabla, kama ulivuta ukaona haitoki, ukajua moshi hauna pa kupita, na bado ukageuza shingo ukaniambia nifunge vioo, niambie hilo ukinitazama mikono.