Mjane wa Mombasa Katika Soko la Tororo

Kabla sijapewa shule ya kufundisha, nilifanya kazi ya kutembeza wageni. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera zetu zingali mpya, na vyama vya akina mama vya Kenya na Uganda vilikuwa vimeshikwa na hamu ya kutembeleana. Pale Busia walitafuta msichana aliyesoma, anayejua Kiswahili, na asiyeona haya kusimama ndani ya basi akiongea. Mimi nilikuwa Msamia wa Masinya, upande wa Uganda. Kiswahili changu kilikuwa cha mpakani, cha kununulia na kuuzia, lakini haya sikuwa nayo. Nikachukuliwa.

Kundi ninalolikumbuka kuliko yote lilitoka Mombasa. Walivuka mpaka asubuhi na mabuibui yao na vikapu vya vitafunio, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mnene ambaye hata akiomba maji unadhani anaamrisha. Nyuma ya dereva aliketi mjane mmoja wa makamo, mwembamba, ambaye tangu tuondoke hakuonja hata kaimati moja kati ya zile zilizokuwa zikipitishwa kiti kwa kiti.

Niliwapeleka kwanza ziwani, upande wa Lunyo. Ufuo wa kule si wa mchanga. Mawe makubwa meusi yameingia majini kama ng'ombe waliokwenda kunywa, na upepo ukivuma mawimbi huyapiga mpaka povu linarukia njiani. Nilisimama juu ya jiwe nikaanza maelezo.

"Mawe hii iko hapa tangu zamani sana," nikasema.

"Mawe haya, mwalimu! Yako hapa!" wakaitikia wote pamoja, kisha wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatangaza kwamba Mungu alisahau chumvi. Sikuudhika. Walikuwa watu wa furaha, nami nilijifunza sarufi nyingi siku ile kuliko miaka yote ya chuo.

Yule mjane hakuteremka mpaka kwenye maji. Alinijia kando.

"Mwanangu, Tororo tutafika leo?"

"Leo, mama. Tukishapita msituni."

Tulikula ngege wa kukaanga kwa wavuvi, tukashika barabara ya vumbi kuelekea kaskazini. Katika msitu wa Bugwe dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya nyani, nami nikawaonyesha mivule na mizabibu ya mwitu iliyoning'inia hadi barabarani. Baridi ya miti iliingia madirishani. Mjane akageuka.

"Tororo ni baada ya msitu huu?"

Nikamjibu ndiyo, nikaanza kumwangalia. Watu huja kuona mwamba wa Tororo, lakini hakuna anayeusubiri hivyo.

Tulipofika, basi liliegeshwa chini ya mwamba. Wenzake wakaanza kupanda njia ya mawe, wakisukumana na kupiga kelele. Yeye alinishika mkono wa gauni.

"Makaburi ya Waislamu yako wapi hapa?"

Mumewe, akaniambia tukiwa njiani kwa miguu, alikuwa mtu wa reli. Alihamishiwa Tororo watoto wakiwa wadogo, akawa anarudi nyumbani wakati wa likizo tu. Halafu likaja neno kwamba amefariki kwa homa na amekwisha kuzikwa. Basi, hayo tu. Mkoba wake ulirudishwa na nguo zake zikiwa zimefuliwa na kukunjwa.

"Nilinusa zile nguo," alisema. "Zilikuwa na harufu ya sabuni tu. Nikajiuliza ni nani aliyezifua."

Makaburini tulimkuta mzee akifyeka nyasi. Mjane akamtajia jina la marehemu.

"Yule wa reli? Wa pwani?" Mzee akanyoosha panga. "Lile lenye mawe meupe."

Makaburi ya jirani yalikuwa yamezama majanini. Lile moja lilikuwa limepaliliwa, na mawe yake yamepakwa chokaa si siku nyingi. Mjane aliomba dua yake kwa sauti ya chini, nami, Mkristo, nikasimama nyuma nimekunja mikono. Alipomaliza alimuuliza mzee nani anayelipalilia.

Mzee aliniangalia mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Kuna mama mmoja wa Mella, hapo nje ya mji," akasema. "Leo ni soko. Utamkuta kwenye karanga."

Nilitaka kumrudisha kwenye basi, nami nikamwambia hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na niliogopa wanawake wawili watu wazima wasije wakapigana hadharani mimi nikiwa ndiye kiongozi wa msafara. Lakini alikwisha kutangulia.

Mwanamke wa Mella alikuwa ameketi nyuma ya gunia, akipima karanga kwa kikopo. Alipoliona buibui likimjia alisimama, karanga zikamwagika miguuni pake.

"Umefika," akasema.

"Unanijua?"

"Najua. Yeye alikuwa nasema wewe kila siku."

Walitazamana. Mjane akauliza, "Mlioana?"

"Tulikaa."

"Watoto?"

"Mungu hakutoa."

Nilijua kwamba hapo ndipo kelele zingeanza. Badala yake mjane alikusanya buibui lake, akaketi juu ya gunia tupu, akasema, "Nieleze alivyokufa. Hakuna aliyewahi kunieleza."

Yule mwingine akaketi pia. Alieleza polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili, na lilipokosekana alilisema kwa Kiteso, nami niliyekulia jirani na Wateso nikalifasiri. Homa ilimshika wakati wa mvua. Alikataa kuachwa peke yake, hata mwanamke huyo kutoka kwenda choo ilikuwa taabu. Siku ya mwisho aliomba maji ya madafu.

"Sisi hapa hakuna nazi. Nilikwenda kwa duka ya Wahindi, hakuna. Nilirudi, nilitia sukari kidogo na chumvi kidogo kwa maji. Nilimwambia, haya, hii ni madafu."

"Akanywa?"

"Alikunywa. Alisema ni tamu. Alisema, imetoka nyumbani."

Mjane alijifunika uso kwa ukaya. Mabega yalitikisika, nami sikujua kama analia au anacheka mpaka alipojifunua, na kumbe ni vyote viwili. Wakati huo mnunuzi alikuja, kisha mwingine. Karanga zilikuwa zikiuzwa katika vipande vya gazeti. Bila kuombwa, mjane akavuta gazeti akaanza kusokota vifuko, akimpa mwenzake kimoja kimoja, na huyo akivijaza. Walifanya kazi hiyo muda mrefu.

Mwenyekiti alitukuta hapo, vumbi la mwamba likiwa kwenye pindo la nguo zake. Kesho yake safari ilikuwa ya Jinja, kuona Mto Nile unapotokea ziwani.

"Mimi siendi," mjane alimwambia. "Naenda Mella."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wangu."

Mwenyekiti alinigombeza mimi, si yeye. Nilikwenda Jinja na wale wengine, nikaeleza bwawa na maporomoko, lakini mawazo yangu yalikuwa Mella. Tuliporudi Tororo ili wageni wapande treni ya kurudi Mombasa, tuliwakuta wote wawili stesheni wakitusubiri, kikapu kimoja katikati yao. Nilimuuliza mjane walivyoshinda.

"Tuligombana," akasema. "Ananiambia marehemu alikuwa mpole, hajawahi kupandisha sauti. Nikamwambia, basi huyo si mume wangu." Akatikisa kichwa. "Sijui nimfurahie mwenzangu au nimwonee wivu. Bado naangalia."

Treni ilipoondoka, mwanamke wa Mella hakupunga mkono kama watu wengine. Alilitazama behewa mpaka likapotea, akajitwisha gunia lake.

Mwaka uliofuata nilipewa shule hapo hapo Tororo, nikawa nanunua karanga kwake. Siku moja hakuwepo sokoni, wala wiki iliyofuata. Aliporudi aliniambia alikuwa Mombasa, binti wa kwanza wa marehemu ameolewa, na nauli ya treni ililetwa kwa mkono wa mtu wa reli.

"Walikupokeaje?" nikauliza.

"Watu walikuwa wengi. Walikuwa wananiuliza, wewe nani? Yule mama alisema mbele ya wote, huyu ni mke mwenzangu, ndiye alimzika."

"Nawe ulifanyaje?"

Alipima kikopo changu, akaongeza kidogo juu.

"Nilipewa mchele kuchagua, mimi na watu wa nyumba," akasema. "Mchele ilikuwa mingi sana."