Patupu Ndani ya Sentensi

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, mvua imekatika kidogo, nasi wawili tumejifungia katika chumba tulichopanga Bagamoyo mjini, tukibishana juu ya sentensi.

Mwenzangu aliitwa Idrisa. Tulikuwa tumetoka chuo kikuu karibuni, naye alikuwa akibuni lugha ndogo ya kompyuta yenye maneno ya Kiswahili, ili watu wa vijijini waandike wenyewe programu za kutuma matangazo kwa simu. Kijiji cha kwao, kilichoko kati ya Mkange na Saadani, kilikuwa kimeanza kuijaribu: vijana wanaolinda mashamba wakiona tembo hutaja mahali, na programu hutuma onyo kwa kila kaya.

Ubishi wetu huenda ukauona mdogo. Kwa kawaida, ili kuingiza jina la mahali katika sentensi, ulilazimika kuikata sentensi vipande na kuviunga kimoja kimoja. Idrisa aliruhusu uandike sentensi nzima, uweke mabano katikati, na lugha yenyewe ipachike jina humo. Wepesi wa namna hiyo, usioongeza uwezo ila raha ya mwandishi, sisi wa fani hii huuita sukari. Sikuichukia sukari hiyo. Niliuliza tu: jina lisipopatikana, lugha ifanye nini?

“Ipite kimya,” alisema Idrisa. “Iache patupu, iendelee.”

“Isimame. Ikatae. Ipige kelele.”

“Dada Neema, wewe ungezaliwa kompyuta ungekuwa hakimu! Mkulima akosee kidogo tu umpigie kelele? Kesho ataitupa lugha yangu.”

“Na wewe ungekuwa mshereheshaji: bwana harusi hajafika, nawe unawaita watu wacheze.”

Tulicheka. Ndipo simu yake ikatetemeka mezani, kwa kuwa naye alikuwa amejiandikisha kupokea maonyo ya kijiji. Akaanza kusoma akiwa bado anacheka, kisha akanisogezea simu.

“Tahadhari. Tembo wameonekana njia ya . Tumieni njia nyingine.”

Mtandao wa kule ulikuwa umekatika kabla jina la njia halijaifikia programu, na lugha ikapita kimya, kama ilivyofundishwa.

“Mama,” alisema Idrisa.

Ilikuwa siku ya gulio. Mama yake, Bi Tatu, hubeba samaki wakavu kwenda kuuza Mkange, na kutoka kwao kulikuwa na njia mbili, ya mashambani na ya porini. Akampigia; hapatikani. Akampigia jirani, hapatikani. Kijiji kizima kilikuwa kimezimika.

Mwanangu, nimeogopa mambo mengi, lakini hofu ile haikuwa na umbo. Hatukujua tembo wako njia ipi, kwa hiyo akilini mwetu walikuwa njia zote. Idrisa aliikodolea macho ile nafasi kabla ya nukta kana kwamba jina lingejitokeza. Nami, nikueleze kweli, nilijikuta naogopa jambo jingine: kwamba nilikuwa nimeshinda ubishi. Nikaomba kimoyomoyo nishindwe.

Adhuhuri ilipita. Alasiri simu ikaita kwa namba ngeni, Idrisa akaiweka sauti ya juu.

“Shikamoo mama! Uko wapi?”

“Marahaba. Niko Mkange, nimeazima simu. Mzima mimi, usilie.” Sauti ya Bi Tatu ilikuwa imekauka. “Onyo lenu lilitukuta njia panda, mtandao uliporudi kidogo. Kila mtu akalisoma anavyotaka. Waliokuwa wakipita mashambani wakasema tembo wako porini. Mimi nilikuwa nimeshaazimia kupita porini, nikasema wako mashambani. Basi nikajikuta nimelala kifudifudi kwenye matope, nasikia miti inavunjika nyuma yangu. Beseni la samaki wamelikanyaga, limekuwa chapati.”

Idrisa akaanza kumweleza habari za mtandao na mabano. Bi Tatu akamkatiza, bila ukali.

“Ungeniambia hujui wako wapi, ningerudi nyumbani.”

Hata mimi, niliyekuwa na hoja zote asubuhi, sikuwa nimeisema hiyo. Nilikuwa nikitetea usafi wa lugha. Sikumfikiria mtu aliyesimama njia panda na simu mkononi.

Basi wewe unayejifunza kazi hii leo, usiiogope sukari. Andika sentensi nyepesi, mwandishi apumue. Ila unapomrahisishia anayeandika, mtafute anayesoma umtazame usoni. Patupu utakapopaacha hapatabaki patupu. Yeye atapajaza kwa lile analotaka kuamini, na atatembea kulifuata. Lugha yako isipojua, iseme haijui, hata kama itamuudhi mwenye haraka. Mimi hadi leo nikiona nafasi isiyo na neno ndani ya ujumbe, humpigia simu aliyeutuma nimuulize.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, na wote watakaoziamini sentensi zako. Akupe ujasiri wa kusema mapema kwamba hujui, wakati mtu bado yuko mlangoni kwake, hajashika njia.