Nilituliza Mshale, Sikutuliza Moto

Siku moja naikumbuka, mwanangu, ingawa miaka yote hii nimetamani niisahau. Nilikuwa nimerudi likizo kwetu Nyakahanga kutoka ng'ambo, nilikokuwa nasomea injini za umeme za vyombo vya anga za juu. Nilikuwa kijana, na kichwa kimenivimba.

Injini hizo hazichomi mafuta. Umeme unaiwasha gesi kidogo mpaka inang'aa, kisha unairusha nyuma, na chombo kinasonga mbele. Gesi hiyo iliyowaka huitwa plazma, nayo haitulii. Inakula gesi upesi mpaka inajinyima yenyewe, inafifia, gesi ikiingia tena inavimba upya, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Usipoidhibiti, inatafuna kuta za injini. Kazi yangu ilikuwa kuituliza kwa kurekebisha sumaku na gesi inayoingia. Ikanishinda. Basi nikafunga kifaa cha kuficha mtikisiko kati ya injini na mita, mshale wa mita ukasimama kimya, na moto ndani ukabaki vilevile. Profesa akanipongeza, nami nikapokea.

Haukupita muda, ukuta wa injini ukapasuka. Ukuta ule aliutengeneza mwanafunzi mwenzangu, Sunita, na lawama zote zikamwangukia yeye. Nilikuwa nimeketi palepale kando yake. Nikanyamaza.

Haya nilimsimulia baba sebuleni huku nacheka, mwanangu, nikidhani ataniona mjanja. Alikuwa ameshaninyooshea kiganja chenye punje za kahawa za kutafuna, kama tunavyomkaribisha mtu kwetu.

"Na yule binti yuko wapi?" akauliza.

"Amerudishwa kwao, Baba."

Akakifunga kiganja, akazirudisha punje kikapuni. "Hii tunatafuna na mtu tunayemwamini," alisema. "Wewe kunywa maji."

Hakunikaripia zaidi. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote, akageuka kwenda jikoni bila kunitazama. Niliona aibu, na hadi leo, mvi zimenijaa, aibu hiyo inanichoma usoni.

Nikamwandikia profesa ukweli wote, na Sunita nikamwomba radhi. Aliitwa arudi, hakurudi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Asante kwa kusema. Lakini siku ile tulikaa benchi moja."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yangu, mwanangu, yalimuumbua mwenzangu.

Kwa hiyo kazi ikitikisika mkononi mwako, sema inatikisika, hata kama dawa yake huijui. Kutojua si aibu. Pale maabara hakuna aliyekuwa anajua, ndiyo maana tulikusanywa. Usiipambe mita ili usifiwe. Na likiharibika jambo ulilolishika wewe, usimwachie mwingine alibebe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akubariki mikono na akili, akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" wakati mwenzako bado yupo hapo kukusikia.