Dirisha la Inchi Thelathini na Tano

Fundi turubai alikuwa ameshona mahema kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kulala ndani ya hema hata usiku mmoja. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa akicheka na kukujibu kwamba hata anayechonga majeneza hana haraka ya kujaribu la kwake. Wateja walilipenda jibu hilo. Mkewe hakulipenda, na sababu alikuwa nayo.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Kulikuwa na meza ya kukatia iliyochakaa pembe zote, cherehani nzito ya kukanyaga, mapande ya turubai yaliyosimamishwa ukutani, na harufu ya nta iliyomfuata mpaka nyumbani na kuingia naye kitandani. Nje kidogo palikuwa na ua ambamo hema likikamilika lilisimamishwa, likakaguliwa, likamwagiwa ndoo mbili za maji. Likivuja lilirudi mezani. Likinyamaza lilikunjwa. Mji mzima ulimwita Fundi Turubai. Mkewe alimwita Bwana Kesho.

Mama huyu alizaliwa kwenye rasi, katika nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa, na mlinzi mwenyewe alikuwa baba yake. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, taa iliwekewa mtambo wa kujiwasha, mlinzi akapangiwa kazi nyingine mjini, na nyumba ikabomolewa. Mkoa wao ni mdogo, basi la asubuhi linaumaliza kabla ya saa sita, kwa hiyo rasi haikuwa mbali. Alikwishakwenda mara nyingi kushinda. Lakini basi la mwisho la kurudi liliondoka saa tisa alasiri, na pale hapakuwa na nyumba, duka wala kibanda. Alichokuwa anakitaka hakikuwa kikubwa. Utotoni kitanda chake kilikaa chini ya dirisha, na kila asubuhi akifumbua macho, kabla hata ya kuinua kichwa, alikuwa akiona maji. Alitaka aamke hivyo tena, mara moja tu. Na kwa kuwa nyumba haikuwapo, ilibaki njia moja, kupiga kambi. Nani angedhani kwamba mke wa fundi wa mahema angekosa hema?

Msimu wa kambi ni ile miezi mitatu ya ukavu, na hiyo ndiyo miezi ambayo kila mtu hukumbuka kwamba yuko fundi nyuma ya duka la rangi. Kila mwaka, wakati wa mvua kazi ikiwa imelala, fundi alishona hema lao na kulitundika kwenye msumari wa ukuta wa nyuma. Kila mwaka msimu ukifika, alitokea mtu mwenye shida ya haraka. Wa kwanza walikuwa wapima ardhi, hema lao limechanwa na upepo na kazi inawangoja Jumatatu. Wa pili alikuwa mwalimu mkuu mwenye wanafunzi arobaini na mahema ya watu thelathini na sita, na huyo hata mimi ningemwonea huruma. Wa tatu hakuwa na shida yoyote ya maana, alijua kusifia tu. Mahema tisa yaliondoka kwenye ule msumari, na mara tisa fundi alirudi nyumbani akikuna kichwa na kusema atashona lingine, zuri zaidi, kesho tu anaanza.

"Haya, Bwana Kesho," mkewe alikuwa akisema, na kuendelea kuchambua mchele. Hakugombana naye hata siku moja. Mimi naona hapo ndipo alipokosea, maana mwanamume wa aina hii asipogombezwa hujiona hana kosa.

Badala ya kugombana alikuwa na orodha. Aliiandika nyuma ya karatasi ya kalenda kuukuu na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila mwaka aliongeza kitu au kukata kitu. Sufuria ndogo, si ile kubwa. Viberiti viwili, kimoja ndani ya chupa kisilowe. Mto wangu. Koleo dogo, la kuchimba mfereji mvua ikija. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika: MKASI, SINDANO NA FUTI VIBAKI NYUMBANI. Alimjua mumewe. Alijua kwamba ukimwacha na mkasi pembeni ya bahari, atautumia usiku mzima kurekebisha pindo.

Mwaka wa kumi mgongo ulianza kumuuma mama huyu. Walidhani ni ndoo za maji, kisha wakadhani ni umri, na walipofika hospitali uvimbe ulikuwa umeshakaa kwenye uti wa mgongo kama mwenye nyumba. Baada ya miezi mitano hakuweza tena kukaa. Akiinuliwa alihesabu pumzi kumi, kisha akaomba alazwe. Binti yao alihama kwake akaja kumuuguza, na kwa kuwa kuinama kila saa kulikuwa kunamvunja kiuno, aliweka matofali mawili mawili chini ya kila mguu wa kitanda. Kitanda kikapanda juu, ikawa kazi nyepesi kumgeuza mama, kumwogesha na kumlisha.

Fundi alimfuata daktari na kumuuliza, huku akiangalia viatu vyake, kama mgonjwa angeweza kwenda kulala usiku mmoja kwenye rasi. Alitegemea kukatazwa. Daktari akasema wampeleke tu, atawaandikia dawa za siku tatu. Fundi si mjinga. Alielewa daktari anayekubali haraka namna ile anamaanisha nini, akatembea mpaka karakana kwa miguu, akapita mbele ya duka la rangi bila kuitikia salamu.

Hema la kumi alilishona kwa turubai jepesi la kijani alilokuwa akilificha kwa miaka. Tatizo lilikuwa dirisha. Katika mahema yake yote madirisha yalikaa usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha kukunja, hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyoshona. Mkewe asingeweza kuketi. Basi alasiri moja aliingia chumbani na futi shingoni na chaki mkononi, akapiga magoti kando ya kitanda. Mkewe alikuwa amelala ubavu. Fundi akashusha futi mpaka sakafuni, akapandisha ncha nyingine mpaka usawa wa jicho lake.

"Unanipima sanda?" mkewe akauliza, bila kugeuza shingo.

"Nakupima dirisha."

"Liwe upande wangu."

"Liko upande wako."

"Na usiliuze."

Zilikuwa inchi thelathini na tano. Akaziandika kwa chaki kwenye kiganja ili asije akasahau njiani, akatoka akiwa na haraka ya kijana aliyepewa ahadi. Dirisha lile alilishona kwa siku tatu. Alilitia wavu wa mbu wenye matundu madogo kabisa, akalipa mshono wa mara mbili, na kifuniko chake akakifungia kamba moja nyepesi, ili mkono wa mgonjwa uweze kukivuta bila kuomba msaada. Hakuna mteja aliyewahi kushonewa dirisha kama lile.

Safari ilipangwa iwe Ijumaa. Jumanne akaja meneja wa hoteli ya ufukweni, ana wageni, ana haraka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye msumari wa nyuma. Aliomba, akabembeleza, akasifia mshono. Fundi alihisi mdomo wake ukianza kufunguka kwa mazoea. Akaufunga. Kisha akasema kwamba lile lina mwenyewe. Meneja akaondoka amenuna, na fundi akabaki amesimama katikati ya karakana kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Jioni ile hakuweza kungoja hata avue viatu.

"Leo nimemnyima mtu hema."

"Umemnyima nani?"

"Meneja wa hoteli."

Mkewe akacheka mpaka binti akaja mbio kumshika mgongo. "Kumbe na mimi nimeolewa," alisema, akiwa bado anacheka na machozi yanamtoka kwa maumivu. Akaagiza orodha ishushwe kabatini na kila kitu kipangwe kwenye begi mbele ya macho yake. Vikapangwa, kasoro kiberiti cha pili ambacho kilikuwa bado kununuliwa. Mto peke yake ukaachwa nje, kwa sababu alikuwa anaulalia.

Alifariki Alhamisi asubuhi, kabla ya chai. Binti alikuwa anakunja shuka za safari chumba cha pili. Fundi alikuwa ameenda kununua kiberiti cha pili.

Sitayaeleza ya msiba, kila mtu anayajua ya kwake. Nitasema tu kwamba begi lilikaa pembeni ya mlango kwa wiki saba, watu wakilipita kwa kulikwepa, na hakuna aliyethubutu kulifungua. Wiki ya saba fundi alilitia ule mto, akalibeba hema begani, akamwambia binti yake kwamba anakwenda rasi. Binti akasema watakwenda wote. Akakataa. Binti akamuuliza kama amechukua mkasi, na baba akajipapasa mifuko yote mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kumwonyesha kwamba hana mkasi, hana sindano, hana futi.

Alifika adhuhuri. Nyumba ya mlinzi ilikuwa imebaki ngazi moja ya saruji inayopanda na kuishia hewani. Akasimamisha hema mbele ya ile ngazi, na lilimpiga chenga kweli kweli, maana uani kwake vigingi viliingia kwenye udongo mgumu na hapa mchanga ulivitema. Fundi wa miaka thelathini na minne alihangaika mpaka saa kumi, akifunga kamba kwenye mawe. Alijua mkewe angekuwa amelala pembeni anamcheka. Akatandika mikeka miwili, akaweka mto upande wa dirisha, akalala upande wake. Aliongea naye kidogo, ya kawaida tu, habari za binti na za paa linalovuja.

Asubuhi kulipopambazuka alihamia upande wa mkewe. Alikuwa amelipanga hilo tangu nyumbani, aone kile ambacho mkewe angekiona. Akaweka kichwa kwenye mto, akalala ubavu kama yeye, akavuta ile kamba nyepesi. Kifuniko kikafunguka bila kelele, kama alivyokusudia.

Akaona mbingu.

Akasogea. Mbingu tu. Sauti ya maji ilikuwa karibu, pengine hatua ishirini, lakini dirishani hapakuwa na tone. Akadhani kamba zimelegea na hema limekaa vibaya, na kwa kuwa hakuwa na futi akapima kwa shibiri, na shibiri yake aliijua kuliko jina lake, ni inchi tisa. Shibiri nne kasoro inchi moja. Thelathini na tano kamili, kama alivyoziandika kwenye kiganja.

Hapo ndipo kilipomjia kile kitanda. Kile kitanda kirefu, na matofali mawili mawili chini ya kila mguu. Alikuwa amepima kutoka sakafuni. Alimpimia mkewe dirisha akiwa kitandani, na hemani hakuna kitanda, mtu hulala chini. Mwanagenzi wa wiki moja ambaye amewahi kulala hemani angelijua hilo. Yeye hakuwahi.

Fundi alilia. Wakati wa mazishi alikuwa amejikaza, watu wakamsifu. Sasa alilia kwa sauti, peke yake, mdomo wazi, kwa sababu aliona wazi kwamba hata kama mkewe angeishi mpaka Jumamosi, angebebwa mpaka hapa kwa maumivu yale yote, angevuta kamba, na angeona mbingu. Na asingesema kitu. Angesema, haya, Bwana Kesho, ni pazuri.

Alipotulia alikwenda kwenye begi akatoa koleo. Hakuwa na mkasi wa kushusha dirisha, lakini mchanga ulikuwepo. Akaondoa mkeka wa mkewe, akaanza kubeba mchanga na kuumwaga ndani, upande ule, akijenga tuta refu kwa urefu wa mtu, apandishe pa kulala pafike kimo cha kitanda. Alifanya kazi kwa bidii, na kwa muda akili yake ilipumzika kama inavyopumzika mezani. Tuta likafika magotini. Akainama kulisawazisha kwa mikono, kichwani, ubavuni, miguuni, kisha mikono ikasimama. Lilikuwa tuta la kimo cha mke wake. Lingine kama hilo alikuwa amelisawazisha kwa mikono hiyo hiyo wiki saba zilizopita.

Hakuliendeleza. Akalivunja taratibu, akarudisha mchanga nje koleo kwa koleo, akakunja hema, akasubiri basi la saa tisa akiwa ameketi kwenye ile ngazi.

Kesho yake alilisuuza hema chumvi na kulisimamisha kwenye ua wa karakana likauke. Meneja wa hoteli akapita siku hiyo hiyo, akampa pole kwanza, kisha akalizunguka hema akilitomasa. Akauliza kwa adabu kama sasa linauzwa.

"Lina kosa," fundi akasema.

Meneja akakagua mshono, akavuta zipu, akalichungulia dirisha kwa kusifu. Akasema yeye haoni kosa lolote.

"Ingia ulale chini. Upande wa dirisha."

Meneja alimtazama, akaona si mzaha, akavua viatu akaingia. Fundi akabaki nje.

"Unaona nini?"

"Naona mbingu tu, fundi."

"Ndilo kosa lenyewe."

Akashusha futi shingoni, akaingia, akapiga magoti kando yake na kuutafuta usawa wa jicho. "Usiinuke kwanza," akamwambia. "Nikupime la kwako."