Dohani Iliyomngoja Mtoto

Usiku ule Traudel Kögler hakuvua hata viatu. Alikaa jikoni akiikodolea macho simu, kama mtu aliyebandika maziwa na kuogopa yasije yakafurika. Binti yake Silke alikuwa hospitali ya mjini tangu alasiri, uchungu umemshika, na mimba zake mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika. Mkwewe Heiko aliahidi kupiga simu. Kwa ahadi, Heiko hakuwa na mpinzani.

Nje theluji ilikuwa inaanguka. Ndani jiko la kuni lilikuwa linakohoa, na Traudel alijua sababu, maana sababu ilikuwa yeye mwenyewe.

Kule kwao fundi wa kusafisha dohani, lile bomba la kutolea moshi, ni bahati inayotembea kwa miguu. Ukikutana naye na nguo zake nyeusi, ukagusa kifungo cha koti lake, mambo yako yananyooka. Traudel aligusa asubuhi ya harusi yake, na ndoa ikadumu mpaka mumewe alipofariki mezani, bila maumivu, soseji mkononi. Kaka yake hakugusa siku aliyokwenda kununua pikipiki, na mguu wake kijiji kizima kinaujua.

Kwa hiyo Silke aliposema mtoto atazaliwa Januari, mamake alipiga hesabu ya moyoni. Kumwingiza fundi nyumbani mwezi wa Oktoba, bahati iishe kabla mtoto hajafika? Hiyo ni sawa na kuoka keki ya Krismasi wakati wa Pasaka. Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakumjua Traudel. Yeye ufa aliutunza.

Bwana Wiesner, fundi wao, alipobisha hodi Oktoba, alijibiwa kutoka nyuma ya mlango.

"Samahani, Bwana Wiesner. Nina mafua."

"Sikuja kukubusu, Bi Kögler. Nimefuata dohani."

"Ni mafua ya kuambukiza."

"Dohani haiambukizwi. Halafu mwaka huu unachoma kuni mbichi, moshi wako nauona tangu kanisani, mweusi kuliko mimi. Kuni mbichi zinajaza masizi. Dohani inasafishwa kabla baridi haijashika, siyo nyumba ikishaungua."

"Njoo Januari."

"Januari kuna nini?"

"Nitakuwa nimepona."

"Mafua ya Oktoba mpaka Januari," alisema akishuka ngazi. "Hayo nayo yanataka brashi."

Desemba alirudi, akaambiwa ni mgongo. Mlango haukufunguka.

Ila mtoto naye aliamua kuja mapema, bila kumwuliza bibi yake. Jioni ile Traudel alipiga simu kwa Wiesner, ikapokelewa na mkewe.

"Amelala, Bi Kögler. Atakuja asubuhi."

"Mwamshe. Ni dharura."

"Dohani inawaka moto?"

"Hapana. Binti yangu anajifungua."

Mke wa fundi alipiga mwayo. "Mama, kwa hilo watu huita mkunga."

Basi Traudel akabaki na simu yake na jiko lake. Kichwa kikaanza kumgonga, akasema ni wasiwasi. Kichefuchefu kikamjia, akasema ni wasiwasi uleule, kwani mama wa binti mwenye uchungu ana ugonjwa gani mwingine? Akaongeza kuni. Macho yakawa mazito.

Alikuwa karibu kulaza kichwa mezani alipomkumbuka bibi yake, aliyekuwa akisema: mwanamke akishikwa na uchungu, kila kilichofungwa nyumbani kwao kifunguliwe, mtoto apate njia. Traudel akainuka kwa kushika ukuta. Akafungua makabati, akavuta droo, akalegeza kamba za viatu na fundo la aproni. Akafungua madirisha yote, baridi ikaingia kama jamaa asiyealikwa. Mlango wa mbele tu ndio uliokataa, kitasa kimeganda.

Baada ya muda kichwa kikamwachia. Akashukuru. Kwake hiyo ilikuwa habari tosha: Silke amejifungua.

Simu ililia kulipokucha. Alikuwa Heiko.

"Mama, ni msichana. Wote wazima. Alizaliwa usiku, sikutaka kukuamsha."

"Vizuri, mwanangu," alisema Traudel, akijizuia.

"Na wakitoka hospitali watakuja kukaa kwako. Kwetu rangi bado haijakauka, harufu siyo nzuri kwa mtoto."

Hata hajakata simu, kofia nyeusi ilitokea dirishani.

"Bi Kögler, theluji imepanda juu ya meza yako. Niingie hapa kama mwizi, au mafua yamepona?"

"Nilikuwa namfungulia mtoto njia."

Bwana Wiesner alilitazama jiko, kisha akamtazama yeye. "Kichwa kilikuuma?"

"Wasiwasi tu."

"Wasiwasi hauponi kwa dirisha. Hiyo ni hewa ya sumu ya jiko, dohani imeziba, imekosa pa kutokea. Ungelala umefunga, leo ningekuja na padri. Haya, nifungulie."

Traudel alikwenda mlangoni, akashika ufunguo, akasita. Mtoto ameshazaliwa, na bahati isiyo na kazi ni hasara. Ubatizo utakuwa Pasaka, na Pasaka siyo mbali. Angeweza kuwa na mgongo tena.

Kisha akafikiria kifua cha mtoto yule, kisichozidi kiganja, kikivuta hewa ya jikoni kwake usiku kucha.

Aliuegemea mlango kwa bega, akazungusha ufunguo kwa mikono miwili. Barafu ikapasuka, mlango ukafunguka, na kabla hajamwambia fundi karibu, vidole vyake vilikuwa vimeshika kifungo cha koti lake.