Maboksi ya Rafu ya Juu

Friji ilipoungua mota, mwenye duka alichota mtaji akaitengeneza. Haikumaliza mwezi, ikazima tena, na mtaji ukawa umekwenda nayo. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alipanga maboksi matupu ya sabuni kwenye rafu ya juu, pande zilizochanika zikitazama ukuta, duka likaonekana limeshiba. Na kila asubuhi aliyapangusa vumbi, kwa heshima zote, utadhani yana kitu.

"Tajiri, mambo yako si haba!" fundi viatu wa barazani humtania.

"Tunasukuma, tunasukuma," naye hujibu, akigeukia rafu zake.

Basi siku hiyo akaingia mama mkwe wake, mama wa maneno machache. Siku ya posa aliuliza jambo moja tu: huyu kijana atamtunza mwanangu?

"Nataka sabuni boksi zima, baba. Lile pale juu."

"Lile, mama... lile lina mwenyewe."

"Basi la pembeni yake."

"Na hilo pia."

"Ni mtu gani huyo anayeoga hivyo?" fundi viatu akadakia, na wateja mlangoni wakaangua kicheko.

Afanyeje? Akapanda kigoda. Boksi likanyanyuka jepesi kama pumzi, naye akapinda mgongo, akaguna "Ehhh!", akashuka polepole jasho likimtoka. Uzito ulikuwa wa uongo. Jasho lilikuwa la kweli. Akalitua mikononi mwa mkwewe.

Mama akamtazama. Kisha akasema, "Zito kweli." Akalitwika kichwani, akalishikilia kwa mkono mmoja, akatoka akitembea taratibu.

"Pole na mzigo, mama!" fundi viatu akavuta miguu kumpisha.

Mama mkwe angemtukana ingekuwa nafuu. Mwenye duka alisimama mikono ikining'inia, akimwona mtu mzima anabeba uongo wake mbele za watu. Akashindwa. Akatoka mbio, akamfikia kabla ya kona.

"Shusha, mama. Ni tupu. Yote ni matupu!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Nyundo ya fundi ikanyamaza.

"Najua, mwanangu," mama akasema, akilishusha. "Twende tukayatoe na mengine."

Wakayatoa. Vilivyobaki, chumvi, viberiti na mikate kidogo, vilienea rafu moja, ya chini. Fundi viatu akaja, akanunua kiberiti, akashukuru, akarudi kwenye viatu vyake bila utani wowote.

Hapo ndipo mwenye duka alipoinamisha uso.